Nilimpa mjukuu wangu uji kwa siri, akaharisha. Nimwambie mkwe wangu?

BARUA

Mwanangu mshauri, hujambo na kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, niko Ujiji hapa Kigoma. Nauza mawese ya kupima, mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Naishi na mwanangu wa mwisho, mke wake na mtoto wao. Mwanangu anavua dagaa. Wakati wa giza hatumwoni nyumbani, mbalamwezi ikiingia ndiyo anakaa.

Mkwe wangu amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, sasa ana miezi mitatu na wiki mbili. Kwao ni Kasulu. Mama yake anauguza huko, hakuweza kuja, kwa hiyo arobaini yote nililea mimi. Nilimkanda, nilimpikia, nilifua. Wiki ya kwanza chuchu zilimpasuka. Kila mtoto akimsogelea alikuwa anang'ata ncha ya kanga, machozi yanamtoka. Usiku nilikaa nyuma yake nimemshikilia mgongo. Tulipokwenda zahanati nesi akaona mtoto anavuta ncha tu, hajajaza mdomo. Akatuonyesha namna ya kumweka, tukarekebisha, baada ya siku nne hivi akapona. Siku ile aliniambia, "Mama, bila wewe ningeshaacha." Maneno hayo ndiyo yananichoma sasa.

Kliniki walisema asimpe mtoto chochote mpaka atimize miezi sita, hata maji. Nilikuwepo nikasikia. Sikubisha, ila moyoni sikukubali. Nimezaa saba. Wote niliwapa maji tangu siku ya saba na uji mwezi wa pili, na sita wako hai.

Huyu mjukuu jioni alikuwa analia sana. Jua likianza kuzama naye anaanza. Ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Kwenye kadi uzito ulikuwa unapanda vizuri, nepi zinalowa, lakini mimi nikawa nasema kimoyomoyo, maziwa ya binti huyu mepesi, mtoto hashibi.

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Mtoto alipofika miezi miwili akaanza kwenda Mwanga saa chache kwa wateja wake, mtoto nabaki naye mimi. Siku moja alichelewa. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikakoroga uji mwepesi wa muhogo, nikatia sukari kidogo, nikampa kwa kijiko. Akalala saa tatu mfululizo! Nikajiona nimeshinda. Nilimpa tena mara nne siku nyingine. Kibakuli nilikiosha haraka nikakificha nyuma ya vidumu vya mawese.

Usiku wa ile mara ya mwisho akaanza kuharisha. Asubuhi macho yameingia ndani, titi analishika kwa shida. Tukamkimbiza hospitali, tukalazwa siku mbili. Pale mapokezi wakauliza, "Amepewa chochote zaidi ya titi?" Mkwe wangu akasema, "Wallahi, hajapewa hata maji." Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nimeshika nepi. Nikatazama chini.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, ni wiki ya tatu sasa. Uji sijampa tena. Aliyebaki mgonjwa ni mama yake. Ameamini kwamba maziwa yake ndiyo yalimdhuru mtoto. Jirani mmoja kamwambia maziwa yakipigwa na jua njiani yanaungua, mwingine kamwambia dagaa na maharage yanayachafua. Ameacha dagaa, ameacha maharage, anakula ugali na mlenda, anakonda. Akitoka mjini anakamua kwanza, anamwaga chini, ndiyo anamweka mtoto. Anasema yamepungua. Juzi nilimsikia anamuuliza mume wake bei ya maziwa ya kopo.

Kuna na jingine ambalo sijamwambia mtu. Yule wa saba niliyemzika alikuwa na miezi mitano. Ilikuwa 1996, mwaka ule wakimbizi wa Zaire walipokuwa wanavuka ziwa na maboti. Aliharisha siku tatu. Miaka yote nimesema ni kazi ya Mungu. Sasa tangu pale mapokezi, nikilala najiuliza: na yule je, ni kibakuli changu?

Nikisema, nahofia mkwe wangu atachukua mtoto arudi Kasulu, na mwanangu hatanitazama tena usoni. Nisiposema, namwona binti wa watu anaisha. Na kama siruhusiwi kumlisha mjukuu wangu, mimi humu ndani ni nani? Nisaidie mwanangu.

Bibi, Ujiji

JIBU

Shikamoo mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposhika nepi ukatazama chini. Kukaa na dakika ile peke yako wiki tatu nzima, huku unapika na kufua na kumbeba mtoto yuleyule, si jambo dogo. Ahsante kwa kuniamini nalo.

Umeniuliza useme au usiseme. Lakini humu ndani naona mambo matatu umeyafunga kwenye kanga moja: siri ya kibakuli, mtoto uliyemzika mwaka 1996, na mama kijana ambaye leo hii anaogopa titi lake mwenyewe. Niruhusu nianze na huyu wa mwisho, maana yeye hawezi kutusubiri.

Maziwa ya mkwe wako hayana kosa. Jua haliunguzi maziwa yaliyo kifuani, hata mama atembee Mwanga mpaka Ujiji saa saba mchana. Dagaa hawayachafui, maharage hayayachafui. Anayoyamwaga chini akirudi ni maziwa mazima, na yana kinga ambayo mwili wake unaitengeneza dhidi ya vijidudu anavyokutana navyo yeye mwenyewe huko anakopita. Mtoto akiharisha, titi ni sehemu ya matibabu, linaendelea sambamba na ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, na zinki anazopewa hospitali. Huyo binti anahitaji kula zaidi ya alivyokuwa anakula kabla ya mimba, na yeye amejipunguzia mboga mbili zenye nguvu kuliko zote zilizomo jikoni kwako.

Na kama kweli yamepungua, yanaweza kurudi. Titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Amweke mtoto mara nyingi, usiku asiruke, maana usiku mwili unatoa kwa wingi kichocheo kinachotengeneza maziwa. Hofu nayo ina kazi yake: inazuia maziwa kushuka, hata yakiwa yamejaa. Mama mwenye wasiwasi anakamua, anaona matone, anazidi kuogopa. Nina hakika umeshawaona wanawake wa namna hiyo katika umri wako.

Hilo kopo nalo tulitazame. Lina bei yake kila wiki, lakini mimi nahofia zaidi maji ya kukorogea, chupa ya kuchemsha kila mara, na mtoto ambaye tumbo lake limetoka kuumwa juzi. Wapo akina mama wanaolihitaji kwa sababu za kitabibu, na hao husaidiwa na wataalamu. Mkwe wako, kwa ulivyonieleza, hayumo humo.

Sasa turudi kwenye kile kilio cha jioni, maana ndiko ulikoanzia. Wewe ulisikia njaa. Mimi nakuomba ufikirie upya kidogo. Watoto wengi wachanga hulia zaidi jioni. Kilio hicho hupanda mpaka karibu wiki ya sita, kisha hupungua taratibu kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Wananyonya na kuachia, wananyonya na kuachia, na wakati mwingine ni njia yao ya kuliambia titi liongeze. Ushahidi wa shibe umeuandika mwenyewe bila kuutilia maanani: uzito kwenye kadi unapanda, nepi zinalowa. Mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku na mstari wake unapanda, anashiba.

Na zile saa tatu alizolala? Uji wa muhogo ni wanga na maji, unajaza tumbo na unakawia kusagika. Mtoto kalala kwa uzito wa tumbo, lakini alichokipata ni kidogo kuliko ambacho titi lingempa, na muda ule aliolala titi halikunyonywa. Nakuelewa ulivyojiona umeshinda. Mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka, kisha akanyamaza mkononi mwako, nani asingefurahi? Hukutafuta kumdhuru. Ulimpa ulichokuwa nacho na ulichokijua.

Je, uji ndio uliomfanya augue? Inawezekana kabisa. Tumbo la miezi miwili bado changa, na kijiko, kibakuli, maji na sukari vyote ni njia ya vijidudu, hata kwa mtu msafi. Vilevile mtoto wa umri ule hunyonya vidole, nzi wanatua, mikono ya wengi inamshika. Sitakuambia haikuwa uji ili ulale usingizi, kwa sababu wewe mwenyewe hutaniamini. Ninachoweza kukuambia ni kwamba uliacha mara moja, na kwamba mlimkimbiza hospitali asubuhi ileile, macho yalipoanza kuingia ndani na kunyonya kukawa shida. Ziweke dalili hizo kichwani, ongeza utosi kubonyea na damu kwenye choo. Siku ukiziona tena, usingoje jua lipande.

Mama, sasa huyu wa 1996.

Nimekaa na kalamu muda mrefu hapa. Mwaka ule ulikuwa unafanya kile ambacho mama yako alikufanyia, na jirani zako wote walikuwa wanafanya. Hata Shirika la Afya Duniani, wakati ule lilikuwa linashauri titi pekee kwa miezi minne hadi sita, na ni mwaka 2001 ndipo liliposema miezi sita kamili kwa nchi zote. Suala la maji nalo wengi walichelewa kulielewa: maziwa ya mama yana maji kiasi cha asilimia 87, kwa hiyo hata kiangazi cha Kigoma, wakati ziwa lenyewe linaonekana kama limechoka, mtoto anayenyonya hana upungufu wa maji. Nani angekueleza hivyo mwaka ule, mji umejaa watu waliotoka vitani? Hakuna daktari anayeweza leo kusema kilichomchukua mtoto wako. Unaweza kumlilia upya kwa ulichokijua sasa, na nadhani machozi hayo ni haki yako. Lakini yule mama wa 1996 usimhukumu kwa elimu aliyokuja kuipata bibi wa leo. Kama kuna dada, rafiki wa siku nyingi, au mtu wa dini unayemheshimu, mweleze habari hii kwa mdomo. Miaka yote hii ni mingi kwa mtu kubeba peke yake.

Na huenda, nasema huenda, mtoto yule ndiye alikuwa anakoroga uji pamoja nawe siku ile. Aliyewahi kuzika mtoto, kilio cha mtoto humwingia tofauti.

Tuje kwenye swali lako. Njia ninazoziona ni kadhaa na zote zina miiba.

Unaweza kunyamaza, ukaendelea kama ulivyofanya wiki hizi tatu: hakuna uji, unasaidia kwa bidii. Nyumba inabaki tulivu. Mwiba wake umeshauona: kimya chako kimemwachia binti nafasi ya kujibebesha kosa, na kila anapomwaga maziwa wewe unatazama. Tena mtoto akiugua siku nyingine wakauliza swali lilelile, mtakuwa mnawapa wahudumu jibu la uongo pale ambapo ukweli unaamua tiba.

Unaweza kupita kati. Mpeleke zahanati kwa yule nesi aliyewasaidia chuchu, mwombe amweleze kuhusu jua na dagaa na kopo. Hilo litamtua mkwe wako mzigo mkubwa, na unaweza kulifanya wiki hii hata kabla hujaamua mengine. Mwiba: ataridhika kwamba maziwa hayana kosa, halafu atauliza, "Basi ilikuwa nini?" Ujiandae kwa swali hilo, maana ukikaa kimya mara ya pili itakuwa nzito kuliko ya kwanza.

Unaweza kumwambia mwanao kwanza. Ni damu yako, labda utaona ni rahisi. Hapa nina wasiwasi. Mkwe akija kujua kwamba jambo la titi lake na mtoto wake limejadiliwa na wawili kabla yake, huenda litamuuma kuliko uji wenyewe.

Au umwambie yeye, mkiwa wawili. Atakasirika, na ana haki. Anaweza kulia, anaweza kunyamaza siku mbili, anaweza kweli kusema anataka kwenda Kasulu apumue. Anaweza kuacha kukuachia mtoto kwa muda, na hilo litakuuma sana. Lakini niruhusu nikuulize: hofu ya kwamba atakukimbia umeitoa kwake, au umeitoa kwenye aibu yako? Binti uliyenieleza ni yule aliyesema "bila wewe ningeshaacha." Mimi simjui, wewe umekaa naye arobaini nzima, umemwona akiwa na maumivu na akiwa na usingizi. Je, amewahi kukuonyesha ni mtu wa kukata kamba kwa kosa moja lililokiriwa?

Ukichagua njia hiyo, mambo mawili tu. Chagua siku ambayo mwanao yuko ziwani, nyumba imetulia, mtoto ameshanyonya. Na anza na yeye, usianze na wewe: "Maziwa yako hayana kosa. Uji nilimpa mimi." Kisha simama hapo. Usiongeze, "Na wewe ulichelewa," wala, "Na sisi tulilelewa hivyo," hata kama ni kweli. Habari za 1996 zinaweza kuja siku nyingine, akiziuliza au ukiona moyo wake umepoa. Zikija siku ileile atalazimika kukubembeleza wewe kabla hajamaliza hasira yake.

Umeuliza pia, kama huruhusiwi kumlisha, wewe humo ndani ni nani. Swali hili nadhani ndilo lililokoroga ule uji kuliko njaa ya mtoto.

Mama, wewe ndiye uliyemshikilia mgongo. Wanawake wengi huacha kunyonyesha wiki zile za mwanzo kwa sababu ya chuchu, usingizi na maneno ya watu, na yeye hakuacha. Na mkono wako wa kulisha nao una nafasi. Yale maziwa anayoyamwaga, ayakamue kwenye kikombe kilichooshwa na kumwagiwa maji yanayochemka, kabla hajaondoka kwenda Mwanga, yafunikwe mahali penye ubaridi. Kwa joto letu hesabu saa nne, yakizidi hapo yasitumike. Jirani mwenye jokofu anaweza kuwawekea siku nne. Mtoto akilia, wewe ndiye utakayempakata umemkalisha kiwima, unamgusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini naye anaramba kidogokidogo kwa kasi yake. Usimwagie mdomoni, na chupa haihitajiki. Atakunywa maziwa ya mama yake kutoka mkononi mwa bibi yake.

Na kibakuli chako usikitupe. Miezi sita inafika baada ya wiki kumi hivi, na hapo titi peke yake halitoshi tena. Nyumba itahitaji mtu anayejua kupika, ili mtoto asipewe maji ya uji matupu. Atahitaji uji mzito unaoganda kwenye kijiko, wenye karanga au dagaa waliosagwa, na tone la mawese yako, kwa sababu ile rangi nyekundu ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A. Titi litaendelea hapohapo mpaka miaka miwili au zaidi. Wewe ni mtu wa Ujiji, bila shaka umeisikia darasani aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara inayotaja miaka hiyo miwili kamili. Aya hiyohiyo inasema chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba, na kwamba mama asipate madhara kwa sababu ya mwanawe. Mwanao akirudi mbalamwezi, msomee hiyo, badala ya bei ya kopo.

Lini utasema, na kama utasema, nakuachia wewe mwenye nyumba na mwenye moyo. Kesho mchana, lolote uwe umeamua au hujaamua, kaanga dagaa kwa mawese na nyanya kama anavyowapenda, muwekee na ugali wa moto. Mpokee mtoto, kaa naye karibu, umwambie maziwa hayachafuliwi na dagaa, na usinyanyuke mpaka amalize sahani.